Lamineti ya jirani imebinuka, na mimi ndo nataka kuweka: nifanyeje?

Swali lenyewe hili hapa, nimelifupisha kidogo: "Habari fundi. Nipo Tegeta, nyumba yangu si ya ghorofa, nataka kuweka lamineti sebuleni na vyumba viwili vya kulala. Sebuleni kuna taili tayari, vyumbani ni sakafu ya sementi imemwagwa kama miezi miwili hivi. Fundi wangu anasema nichukue milimita 12 ndo haiharibiki, muuzaji Kariakoo anasema ya 8 yenye kiini cha kijani haiingii maji. Ila jirani yangu kaweka mwaka jana na saa hizi imebinuka katikati ya sebule, ukikanyaga inashuka ukitoa mguu inapanda. Nimwamini nani? Na juu ya taili inawezekana?"

Salama kabisa dada. Ngoja nianze na kwa jirani, maana ukielewa kilichotokea pale umeshaelewa nusu ya kazi yote.

Lamineti, hii sakafu ya mbao nyembamba za kiwandani, haigandishwi chini na wala haipigwi misumari, inaelea. Mbao zinabanana zenyewe kwa zenyewe kwa ile kliki ya pembeni mpaka chumba kizima kinakuwa kama kipande kimoja kikubwa kimelala juu ya sponji, ule mkeka laini unaotandikwa chini yake. Na hicho kipande kinatembea. Masika ikiingia, hewa ya Dar unaijua mwenyewe, nguo kabatini zinanuka uvundo na chumvi inashikana mezani, sasa mbao nayo inanyonya ule unyevu inatanuka, ikija kiangazi au ukiwasha kiyoyozi kutwa inasinyaa. Kwa hiyo pembeni kote lazima ibaki nafasi ya kutanukia. Mafundi tunahesabu kama milimita 1.5 kwa kila mita ya chumba, kwa hiyo sebule ya mita 6 inataka kama milimita 9, na mimi huku Pwani sishuki chini ya 10 hata chumba kiwe kidogo. Ikikosa hiyo nafasi haina pa kwenda isipokuwa juu, ndo hicho kilima unachokiona kwa jirani.

Mwambie ang'oe skatingi, ule ufito wa chini ya ukuta, pande mbili zinazotazamana achungulie. Nina uhakika wa asilimia tisini atakuta mbao imegusa ukuta, au fundi kajaza ule mwanya kwa sementi ili "ipendeze". Kama pembeni kuko wazi basi atafute mahali ilipopigwa pini. Hapa wengi hawajui kabisa: ile stopa ya mlango inayofungwa kwa skrubu chini sakafuni inatosha kubana chumba kizima, kabati la ukutani lililojengwa juu ya lamineti vilevile, kabati za jikoni zenye malumalu juu ndo usiseme. Habari njema kwake ni kwamba mara nyingi hahitaji kubomoa. Anakata ukanda wa milimita 10 pembezoni kwa msumeno mdogo wa umeme, anatoa skrubu iliyobana, na kilima kinashuka chenyewe ndani ya siku kadhaa. Isipokuwa kama maji yameingia chini, hapo mbao zikishavimba kingo hazirudi tena, ni kubadilisha.

Sasa tuje kwenye 12 na kijani.

Ubao wa lamineti ukiukata ukautazama kwa pembeni una tabaka nne. Chini kabisa kuna karatasi ngumu ya kuuweka ubao sawa usijikunje. Juu yake ndo kiini chenyewe, unga wa nyuzi za mti umechanganywa na gundi ukagandamizwa kwa moto na presha mpaka ukawa mgumu na mzito, ni ndugu yake ile emudiefu ya makabati ila hii imebanwa zaidi. Juu ya kiini kuna karatasi iliyochapishwa picha ya mti, ndiyo dada, ni picha, mninga unaouona pale ni wa printa. Halafu juu kabisa kuna ngozi angavu ya melamini yenye chembechembe za oksidi ya alumini, hiyo ndo inayopambana na viatu na mchanga. Waliobuni kitu hiki ni kampuni ya Perstorp ya Sweden mwaka 1977, ndo likaja jina la Pergo, na miaka ya mwanzo mafundi walikuwa wanapaka gundi kila kiungo, kliki imekuja mwishoni mwa miaka ya 1990 kutoka kwa Välinge wa huko huko Sweden na Unilin wa Ubelgiji. Nimeitaja tu kwa sababu kuna mafundi wazee bado wanataka kumwaga gundi ya mbao kila kiungo, hiyo ilikuwa enzi hizo.

Umeona sehemu gani ni nene? Kiini. Sasa 12 kwa 8 tofauti yake ni kiini tu, ngozi ya juu inaweza ikawa ile ile. Unene unakupa mlio mzuri ukitembea, haigongi kama kopo, na kliki inakuwa na nyama zaidi kwa hiyo haivunjiki kirahisi. Lakini haiongezi maisha ya uso na wala haizuii maji, maji yanaingia kwenye viungo na kingo, na kiini kinene kikinyonya kinavimba kama chembamba tu. Fundi wako hajakudanganya sana ila kakupa sababu siyo.

Muuzaji yeye ndo kakupiga. Rangi ya kijani ni rangi, kama ya kwenye soda. Viwanda vingine vinaitumia kuonyesha kuwa kiini kimewekewa gundi inayovumilia unyevu zaidi, lakini hakuna kinachomzuia mwingine kumwaga rangi tu akauza. Mwombe kipande cha sampuli, au nunua boksi moja kwanza, kata vipande viwili vya upana wa kiganja, kimoja tumbukiza kwenye bakuli la maji ukalale nacho. Kesho yake viweke pamoja mezani uvipitishe kidole kwenye kingo. Kitavimba, vyote vinavimba, swali ni kiasi gani: kama kingo imenyanyuka kama mdomo na ukikwaruza kwa ukucha inamomonyoka kama mkate uliolowa chai, achana nacho hata kiwe cha kijani cha Yanga.

Kitu cha kuangalia kwenye boksi ni ile namba ya AC, na hapa si kiyoyozi, ni daraja la uso kuvumilia kusuguliwa, linaanzia AC1 mpaka AC6. Chumbani AC3 inatosha, sebule yenye watoto na wageni chukua AC4, kuanzia AC5 ni maduka na maofisi, nyumbani unalipia kitu usichotumia. Tena za juu sana nyingine uso wake unakuwa na mkwaruzo fulani hivi ukitembea peku huupendi. Ila kumbuka AC inazungumzia kusuguliwa tu, haikwambii kitu kuhusu maji. Na kwenye boksi tafuta pia E1, hiyo inahusu ile hewa ya fomaldihaidi inayotoka kwenye gundi ya kiini, boksi lisiloandikwa chochote na ukilifungua linakuchoma macho, liache dukani.

Sasa dada nikwambie kinachonitia wasiwasi kwenye swali lako, na si milimita wala rangi. Ni hiyo "miezi miwili hivi".

Lamineti huku kwetu inafia chini. Watu wanaogopa maji ya juu, chai imemwagika, mtoto kakojoa, hayo unafuta yanaisha. Unyevu unaotoka kwenye jamvi, yaani zege la sakafu, hauuoni na haupumziki. Sementi inaonekana nyeupe imekauka juu huku tumboni bado ina maji. Hesabu ya kawaida ni wiki moja kwa kila sentimita moja ya unene kwa zile sentimita nne za mwanzo, zikizidi hapo muda unaenda zaidi ya mara mbili, na hiyo ni chumba chenye hewa, si nyumba iliyofungwa madirisha kwa kuogopa wezi. Jamvi jipya zima linaweza kuchukua miezi na miezi. Na nyumba nyingi zilizojengwa kidogo kidogo hakuna aliyekumbuka kuweka nailoni chini ya jamvi, kwa hiyo hata likikauka, ardhi inaendelea kulinyweshea kila masika.

Mimi mwenyewe yalinikuta. Mwanzoni mwanzoni nimepewa kazi Mbezi, chumba kikubwa cha chini, mwenye nyumba ana haraka anaoza binti, wageni wanakuja. Sakafu ilikuwa na wiki tano. Nikaigusa kwa mkono, kavu, nikatandika sponji ile ya kawaida tu nikapiga kazi siku mbili, picha zilivyotoka nzuri nikawa naonyesha kila mteja. Mwezi wa nne nikapigiwa simu. Nimefika, kila kiungo kimenyanyuka kama ngozi ya mkate, chumba kizima kina mistari, nikang'oa ubao mmoja chini yake sponji inatiririka matone na harufu ya kuvu inakupiga usoni. Nililipa boksi zote mfukoni mwangu. Tangu siku hiyo simwamini mkono wangu wala wa mtu.

Kwa hiyo wewe fanya hivi leo leo, haina gharama. Chukua kipande cha nailoni ngumu, hata mita moja kwa mita moja, kitandike katikati ya chumba kisha kingine kona iliyo upande wa bafu, ziba pande zote nne kwa gundi ya karatasi pana ile ya kahawia mpaka hewa isipite. Acha siku tatu. Ukifunua ukakuta matone ndani ya nailoni, au sementi chini yake imekuwa nyeusi kuliko pembeni, subiri, washa feni, fungua madirisha, rudia baada ya wiki tatu. Ikibaki kavu hapo endelea, na bado utaweka nailoni. Kuna kipimo cha kitaalamu cha kuchimba kipande cha sakafu na kukipima unyevu, kwa sakafu ya sementi wanataka usizidi asilimia 2, ukimpata mwenye mashine mlipe, lakini nailoni na siku tatu imeniokoa mara nyingi.

Ile nailoni ya kazi yenyewe iwe nzito, maikroni 200, si ile ya kufunikia maandazi. Vipande vipishane sentimita 20, ubandike maungio, na ipande ukutani kidogo nyuma ya skatingi. Juu ya nailoni ndo sponji, milimita 2 au 3 basi. Najua utashawishika na ile nene ya milimita 5 inayobonyea vizuri, au kutandika mbili, usithubutu. Ikibonyea sana kila unapokanyaga kliki inachezacheza, mwaka mmoja ile midomo ya kuunganishia inakatika na mbao zinaanza kuachana. Zipo sponji zenye foili au nailoni imeshabandikwa chini, hizo ukitumia huhitaji ya pili, ilmradi maungio uyabandike.

Juu ya taili inawezekana, tena ni vizuri tu kwa sababu umeshasawazishiwa. Masharti ni kwamba taili zisiwe zinacheza, gonga kwa mpini wa nyundo, ile inayolia tupu na inatikisika ing'oe uijaze. Halafu chukua rula ya alminiamu ya fundi plasta, ya mita 2, ilaze kila upande, chini yake pasiwe na shimo linalozidi milimita 3. Palipozidi jaza, palipoinuka piga grenda. Kwenye taili usidhani ule ung'avu unazuia unyevu, unapenya kwenye maungio ya taili, nailoni iwepo vilevile.

Tatizo la taili kwako litakuwa milango. Lamineti ya 8 na sponji ya 2 ni milimita 10, tayari mlango wa mbao utakwaruza, na ule wa chuma wa mbele hauukati kwa randa. Pima kabla hujanunua chochote. Na skatingi ya taili iliyopo usiibomoe, acha nafasi yako ya milimita 10 mbele yake kisha ufunike kwa ufito wa robo duara uliobandikwa kwenye skatingi, usibandikwe kwenye lamineti. Ukigandisha kwenye lamineti umerudi kwa jirani yako.

Kuhusu idadi, tuseme chumba chako kimoja ni mita 4.5 kwa 3.57. Hiyo ni skwea mita 16 na kidogo, ongeza asilimia 10 ya vipande vitakavyokatwa, inakuja kama 17.7. Ubao wa kawaida mmoja ni milimita 1215 kwa 195, boksi la mbao 8 lina skwea mita 1.9 hivi, kwa hiyo ni boksi 10. Chukua zote siku moja zenye namba moja ya toleo, rangi hutofautiana kontena kwa kontena. Na yale mabaki usimpe fundi, yafiche juu ya kabati, lamineti haipigwi msasa wala vanishi, ubao ukipata jeraha unabadilishwa.

Boksi zikifika zilaze chini chumba kile kile, hazijafunguliwa, saa 48. Kama chumba kitakuwa kinawashwa kiyoyozi maisha yake yote, kiwashe na hizo siku mbili. Mafundi wanalichukulia kama jambo la wazungu, lakini ubao uliotoka kwenye stoo yenye joto ukapigwa siku hiyo hiyo utajirekebisha wenyewe baadaye na wewe ukiwa umeshalipa.

Kabla fundi hajakata ubao wa kwanza mwambie akuonyeshe hesabu ya mstari wa mwisho. Upana wako ni milimita 3570, toa 20 za nafasi pande mbili inabaki 3550. Gawanya kwa 195, inaingia mara 18 na inabaki 40. Yaani mstari wa mwisho ungekuwa ukanda wa sentimita 4, hauna nguvu, kliki yake haishiki, chini ya sentimita 5 hatuweki. Basi mstari wa kwanza unaupunguza: jumlisha 195 na 40, gawa kwa mbili, mstari wa kwanza na wa mwisho yote inakuwa 117 na nusu, na chumba kinapendeza pande zote. Fundi asiyejua hesabu hii atakwambia "tutaona mbele ya safari", wewe mwambie mbele ya safari ni hapa.

Mengine ni ya kawaida. Mbao zielekee mwanga wa dirisha, kwenye korido zifuate urefu. Kipande kilichobaki mwisho wa mstari kinaanza mstari unaofuata kama kina sentimita 30 au zaidi, viungo visikutane karibu karibu, vikipangana kama ngazi kliki zinachoka. Ubao unaingizwa kwa mshazari kisha unalazwa, unagongwa kwa kutumia kibao cha kugongea, siyo nyundo moja kwa moja kwenye ulimi wa kliki, ulimi ukipondeka kiungo hakifungi tena milele. Fremu za milango zikatwe chini ubao upite kwa chini, uchukue kipande cha lamineti na sponji yake kama kipimo cha msumeno, usimruhusu azungushe ubao kwenye fremu halafu ajaze silikoni. Na sebule na vyumba vitenganishwe mlangoni kwa ile profaili ya T, ule ufito unaofunika mwanya katikati, kila chumba kitembee kivyake.

Mchwa pia, hapo Tegeta wapo. Kiini ni mti, wanakula, na watakula kwa chini huku juu picha ya mninga inakuchekea. Zungusha kwanza macho kwenye kona na fremu, ukiona vijia vya udongo piga dawa na usubiri.

Sasa ushauri wangu wenyewe, ingawa hukuniuliza. Vyumbani weka lamineti, 8 yenye AC3 au AC4, ile tofauti ya bei ya 12 ikanunue nailoni na sponji ya maana. Sebuleni kwako, chini, mlango wa mbele unafunguka nje, mvua ya pembeni, watoto, na dada wa kazi anayedeki kwa ndoo asubuhi na jioni, mimi ningeacha taili zako au ningeweka espisii, ile ya unga wa chokaa na plastiki. Hiyo haivimbi na maji na mchwa hawana shughuli nayo. Haimaanishi haina kasoro, jua kali la dirisha kubwa la kioo linaitanua, na kwa sababu nyingi ni nyembamba, milimita 4 au 5, sakafu isiponyooka kila kitu kinaonekana. Jikoni na bafuni lamineti usiniambie kabisa.

Na ukiweka, ukae na huyo dada wa kazi umwelekeze: dekio likamuliwe mpaka lisitoe tone, afute afuate urefu wa mbao, maji yakimwagika yafutwe palepale. Mashine ya mvuke hapana. Mlangoni weka zulia gumu la kukamata mchanga, na miguu ya viti ibandike vile vipande vya manyoya.

Anza na nailoni ya siku tatu. Ukishaifunua piga picha pale ilipokuwa na pembeni yake, mchana, bila flashi, unitumie nione rangi ya sementi kabla hujampa muuzaji hela.